Barua ya wazi kwa wasimamizi wa upimaji wa madini kwenye vyakula: mashine ilisema "sijaona", nyie mkaandika "hakuna"

KWA: Mkurugenzi wa programu, Mkuu wa kitengo cha takwimu, na wajumbe wote wa kamati ya ufundi

KUTOKA: Fundi wenu wa vipimo vya uwandani

YAH: SIFURI ZISIZO ZA KWELI KWENYE RIPOTI YA MADINI YA NAFAKA NA UNGA

Waheshimiwa wakuu wangu,

Nawasalimu kwa heshima zote, na naomba mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani maana najua mnapenda mambo yaishie ofisini. Ila ofisini nishapita. Nimewaandikia emeili mara tatu, ya kwanza nikajibiwa "imepokelewa", ya pili nikaambiwa nisubiri kikao, ya tatu kimya mpaka leo, na siku nilipomfuata mkuu wa kitengo pale kwenye korido akaniambia "ndugu yangu, wewe bonyeza mashine, mambo ya ripoti tuachie sisi". Sawa, nimebonyeza. Mwaka mzima nimebonyeza, ndo maana najua ninachokisema.

Tatizo lenyewe ukilisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Ile mashine yetu ya mkononi, ya eksirei, inayoshikwa kama drili, ukiiwekea kikombe cha unga inakupa orodha. Potasiamu ina namba, kalsiamu ina namba, chuma na zinki zina namba, halafu ukishuka chini kwenye metali nzito zenye sumu, kadmiamu na risasi, skrini inaweka ile alama ya "<" na namba mbele yake. Yaani mashine inasema, kama kitu hiki kipo basi kiko chini ya kiwango hiki ambacho jicho langu linafika, zaidi ya hapo usiniulize. Sasa fomu yetu ya kwenye tableti haikubali alama, inakubali tarakimu tu, ukiweka "<" inagoma kusevu na huwezi kwenda sampuli inayofuata. Siku ya kwanza kabisa tulipiga simu kuuliza tuweke nini tukajibiwa wekeni 0. Tukaweka 0. Zile 0 zikapanda kwenye jedwali kuu, jedwali likatoa wastani, wastani ukaingia kwenye ripoti, na kwenye ripoti leo kuna mstari wa kijani umeandikwa "metali nzito hazikukutwa, chakula ni salama".

Hiyo "salama" mimi sikuipima, na kwenye timu nzima hakuna aliyeipima.

Naomba niende hoja kwa hoja.

1. Kadmiamu na risasi hatukuwa na uwezo wa kuziona

Kwa wasioijua hii mashine: inapiga miale ya eksirei kwenye unga, atomi zinashtuka na kila elementi inajibu kwa mwale wake wenye nguvu yake, kama vile kila mtu ana sauti yake. Chuma kinajibu kwenye 6.4 keV (keV ni kipimo cha nguvu ya mwale), zinki kwenye 8.6, kadmiamu kule juu kwenye 23. Sasa unga ni kitu chepesi, ni kaboni na hidrojeni na oksijeni tupu, na vitu vyepesi vinatawanya miale hovyo, kwa hiyo kule juu kadmiamu ilipo kunakuwa na makelele ya mashine yenyewe, hasa hizi ambazo bomba lao la kutoa eksirei lina fedha au rodiamu ndani yake, ambazo miale yao inaangukia jirani kabisa na hapo. Ndo maana mashine nyingi za mkononi kadmiamu kwenye unga zinaanza kuiona ikiwa imefika miligramu kadhaa kwa kilo.

Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa kadmiamu ni miligramu 0.4 kwa kilo kwenye mchele uliokobolewa na 0.2 kwenye ngano. Risasi kwenye nafaka ni 0.2. Sasa jamani, jicho linaloanza kuona kwenye miligramu kadhaa litasemaje kuhusu 0.4? Mchele unaweza kuwa na kadmiamu mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa na mashine yetu ikaandika "<" ileile, na sisi tukaandika 0 ileile, na nyie mkapaka kijani kilekile.

Najua kuna mjumbe wa kamati alisema tuongeze muda wa kupima. Wazo si baya ila hesabu inakataa. Ukomo wa kuona unapungua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani ili uupunguze nusu unapima muda mara nne, ili uupunguze mara kumi unapima mara mia. Sisi tunapima sekunde 30. Mara mia ni dakika 50 kwa kikombe kimoja, betri yenyewe haifiki mchana, na hapo bado kwa kadmiamu ungekuwa unapapasa mlangoni tu.

Na msiniambie ni vitu vidogo. Kule Japani, mkoa wa Toyama, mashamba ya mpunga yalinyweshwa maji ya mto Jinzu uliokuwa ukipokea uchafu wa mgodi, watu wakala ule wali miaka na miaka, wengi wao wanawake wa umri mkubwa mifupa ikawa inavunjika kwa kitu kidogo tu, ugonjwa wenyewe ukapewa jina la kilio cha wagonjwa, itai-itai, "inauma inauma". Serikali yao ilikuja kukubali rasmi kwamba chanzo ni kadmiamu mwaka 1968. Wali haukuwa na rangi tofauti wala ladha tofauti. Kitu cha aina hiyo ndo ripoti yetu inasema hakipo.

2. Aseniki, hapa mmekosea pande zote mbili

Hapa naomba mnivumilie maana ndo penye utamu wenyewe. Kwenye sampuli chache za mchele mashine ilitoa namba ya aseniki, namba kweli, na nyie mkaziwekea rangi nyekundu na kuandika "zimezidi kiwango". Nazo hizo sina imani nazo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, aseniki na risasi ni majirani wa ukuta mmoja. Mwale mkuu wa aseniki uko 10.54 keV, wa risasi uko 10.55. Mashine haiwezi kuwatenganisha hapo, inachofanya ni kwenda kuangalia mwale wa pili wa risasi ulioko 12.6 halafu inapiga hesabu ya kutoa. Kwenye udongo wa mgodini wenye risasi tele hesabu hiyo inakwenda vizuri, kwenye mchele ambao vyote viwili ni kidogo unakuwa unatoa makelele kwenye makelele. Wenye kuisoma spektra, ule mchoro wa miale yote ambayo mashine imeipokea, wanajua. Ila spektra hakuna aliyeomba, kila mtu anataka namba ya mwisho tu.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kiwango cha Codex cha 0.2 kwenye mchele uliokobolewa si cha aseniki yote, ni cha aseniki isiyo ya kikaboni, ile yenye sumu kali. Mashine ya eksirei haijui tofauti, inahesabu aseniki jumla. Kuna unga wa mchele wa rejea, yaani unga ambao kilichomo kinajulikana tayari, wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ule SRM 1568b ambao maabara nyingi zinautumia kujipima, cheti chake kinasema aseniki jumla ni miligramu 0.285 kwa kilo, na isiyo ya kikaboni ni 0.092. Ukiusoma kwa macho yetu ya mashine umezidi kiwango, ukiusoma kwa kiwango chenyewe uko chini ya nusu yake. Unga mmoja, kikombe kimoja, majibu mawili yanayopingana. Kwa hiyo mkulima mliyemwekea nyekundu huenda mmemuonea na yule mliyempa kijani huenda mmembeba, na mimi niliyebonyeza nikiulizwa sina cha kujibu.

Kutenganisha hizo aseniki mbili ni kazi ya maabara, unazitoa kwenye unga kwa taratibu bila kuzibadilisha, unazipitisha kwenye safu ya kromatografia inayozitenganisha halafu unazihesabu kwa ICP-MS, mashine ya maabara inayoona viwango vidogo sana. Hakuna drili inayofanya hivyo.

3. Mashine ilikuwa kwenye hali ya udongo

Hii niligundua mwenyewe na niliiandika kwenye emeili ya pili. Miezi ya mwanzo mashine ilikuwa imesetiwa kwenye kalibresheni ya udongo, yaani hesabu zake za kugeuza miale kuwa namba zilikuwa za udongo, kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani. Udongo una silika na aluminiamu na chuma kingi, unameza miale kwa namna yake, unga ni kitu kingine kabisa. Ukipima unga kwa kalibresheni ya udongo namba zinapinda, na hazipindi kwa kiasi kimoja kwa elementi zote kwamba utazidisha kitu yaishe. Tulibadilisha baadaye, ndiyo, ila data za miezi ile zimechanganywa na za baadaye kwenye jedwali moja bila alama yoyote. Naweza kuwaonyesha tarehe tuliyobadilisha, iko kwenye daftari langu.

4. Chuma cha kwenye kinu

Kuna eneo moja ripoti inalisifia kwamba nafaka zake zina madini ya chuma mengi kuliko kote, mpaka kuna pendekezo la mbegu zake kusambazwa. Naomba niwasimulie siku ile ilivyokuwa. Kinu chetu cha mkono kiliharibika, tukaazima cha chuma ambacho meno yake yalishalika, ukigeuza unasikia kinakwaruza, na unga ulikuwa unatoka na kivuli cha kijivu kwa mbali ambacho ukiwa na haraka hukioni. Nilichukua punje za mfuko uleule zisizosagwa nikazipima hivyo hivyo nzima, nikapima na unga wake. Chuma kwenye unga kilikuwa zaidi ya mara mbili. Zinki haikubadilika. Mfuko mmoja, mmea mmoja, sasa chuma cha ziada kimetoka shambani kweli? Nikapitisha sumaku kwenye unga, ikatoka na ndevu.

Wanaozalisha mbegu wanalijua hili miaka mingi, ndo maana wanapima punje nzima kwa XRF, yaani eksirei kama hii yetu, au wanasaga kwa vinu visivyogusisha chuma, na wanaangalia titani au aluminiamu kama ishara kwamba kuna vumbi la udongo limejibandika. Sisi titani tunayo kwenye orodha ya mashine na hakuna aliyewahi kuiangalia. Nafaka iliyokobolewa inaweza kuwa na chuma miligramu chache tu kwa kilo, kwa hiyo kavumbi kadogo ka kinu kanageuza habari yote.

Na kitu kingine, hata hicho chuma kingekuwa cha kweli, mashine haisemi mwili utakipokea kiasi gani. Faiteti, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, inashika chuma na zinki vikapita tumboni hivyo hivyo. Ripoti inasema "lishe bora". Mashine ilisema miligramu.

5. Uchukuaji wa sampuli

Hili nalipitia haraka maana linajulikana. Tumechota kiganja kimoja juu ya gunia, tukaita hilo ni gunia, na gunia moja tukaliita wilaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu nafaka za Ethiopia na Malawi ulionyesha wazi kwamba zinki, seleniamu na wenzao zinabadilika sana kutoka sehemu hadi sehemu kulingana na udongo, nafaka ikiwa ileile. Na tafadhali ondoeni seleniamu kwenye jedwali, hiyo nayo ni 0 tupu za uongo, kwenye nafaka nyingi iko chini sana kuliko jicho la mashine yetu.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Hii mashine mimi naipenda. Kwa zinki inafanya kazi nzuri sana, ngano inakuwa na miligramu ishirini na kitu thelathini na kitu kwa kilo, hapo mashine inaona bila kuhangaika, dakika mbili umejua bila asidi, bila mikrowevu, bila kungoja wiki nne. Potasiamu na kalsiamu safi. Manganizi safi. Ukitaka kupanga mamia ya mifuko kujua upi wa kupeleka maabara, hakuna kitu bora kuliko hiki. Mmeipa kazi ambayo si yake, mkaacha ile inayoiweza. Hata kile kipimo cha zamani cha kutafuta chuma kwenye unga uliorutubishwa, unadondosha tone la thiosaineti na asidi unaona vidoti vyekundu, kinasema kipo au hakipo basi, hakijawahi kumdanganya mtu kwa desimali mbili.

Najua mtakachonijibu, baadhi nishaambiwa.

Mtasema mashine ina cheti cha kiwandani. Ndiyo ninayo nakala, na kwenye karatasi ileile kuna jedwali la ukomo wa kugundua kwa kila elementi, ukurasa wa pili. Kadmiamu imo. Isomeni.

Mtasema maabara ni gharama na inachelewa. Sijaomba sampuli zote ziende maabara. Naomba moja katika kila kumi, pamoja na zote zilizowekewa nyekundu. Zile tisa zinazobaki mashine iendelee nazo kwa zinki na wenzake.

Mtasema tukiiondoa "salama" watu wataingiwa na hofu. Sijasema muandike "hatari". Andikeni "haikupimwa kwa kiwango kinachotosha", ndo ukweli wenyewe, mtu mzima anauelewa. Kuna unga wa watoto wachanga kwenye hii ripoti wakuu wangu, na kwa uji wa mchele wa watoto wachanga Marekani mwaka 2020 waliweka kikomo cha mwongozo cha aseniki isiyo ya kikaboni cha 0.1, nusu ya kile cha Codex cha mchele uliokobolewa. Mama akiona kijani chenu hataenda kuuliza mara ya pili.

Mtasema mimi ni fundi tu si mwanasayansi. Kweli ni fundi. Fundi ndo aliyekuwa ameangalia skrini.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, mstari wa "metali nzito hazikukutwa, chakula ni salama" utolewe kwenye ripoti mara moja, na kila 0 ya kadmiamu, risasi, aseniki na seleniamu irudishwe kuwa "<" na ukomo wake uandikwe pembeni. Namba halisi zipo kwenye kumbukumbu ya mashine, hazijafutwa, nimezinakili mara mbili.

Pili, fomu ya tableti irekebishwe ikubali "<". Kijana wa kompyuta aliniambia ni kazi ya mchana mmoja.

Tatu, nyekundu za aseniki zisimamishwe mpaka maabara iseme, na wenye mazao yale waambiwe kwamba zimesimamishwa.

Nne, unga wa rejea upimwe asubuhi, mchana na jioni kila siku ya kazi, na majibu yake yatoke pamoja na ripoti hata kama yanatuaibisha. Ule wa mchele na ule wa ngano ungetutosha kabisa.

Tano, data za kipindi cha kalibresheni ya udongo zitengwe, na sampuli zilizosagwa kwenye kile kinu cha kuazima zipimwe upya zikiwa punje nzima kabla hiyo mbegu haijaenda popote.

Na ombi dogo la pembeni, mnunue stendi ya mashine. Vijana wamechoka wanashika kikombe kwa vidole huku bomba linapiga eksirei za kilovolti 50, nimewakataza lakini kazi ikiwa nyingi mtu anasahau.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Sitaki kikao, vikao nimekaa. Mkiamua kunitoa kwenye timu kwa barua hii nitaelewa, ila daftari na nakala za kumbukumbu ya mashine nimeshazikabidhi kwa wenzangu wawili kwenye timu kwa hiyo kunitoa hakutapunguza kitu.

Sampuli za akiba bado zipo kwenye kabati la chuma chumba cha mwisho, kila moja gramu mia kwenye mfuko uliofungwa, lebo zinasomeka. Mifuko minne ya chini imeanza kuingia fukusi, nimeihamishia kwenye friza. Niambieni tu nipeleke maabara ipi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vipimo vya uwandani